Daftari la Mto Ruaha Mkuu: Kwa Nini Bwawa Lisiachwe Nje ya Hesabu

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama katika mkutano wa kawaida, nayo imepigwa chapa hapa kwa ombi la Katibu.)



Katibu alipotuandikia kutuomba tuseme neno mbele ya mkutano huu, alituachia uchaguzi wa habari, illa alitusihi tusiseme juu ya mishahara, kwa kuwa hayo mmekwisha kuyasikia mkayachoka. Tumechagua kusema juu ya mto na bwawa, na jinsi hesabu ya maji iandikwavyo. Huenda wengine wakauliza, karani ana nini na mto? Twajibu kwamba jambo lenyewe, ukiliondolea maneno magumu ya mainjinia, ni jambo la daftari. Na kwa daftari sisi si wageni.

Tulipokuwa tungali vijana kazini, katika ofisi moja ambayo hatutaitaja, dizeli ilipungua stoo. Karani wa stoo, kijana mpole, aliitwa, akaulizwa, akatakiwa kujieleza kwa barua, na nusu ya mshahara wake ikazuiwa. Daftari lake la kupokea lilikuwa safi, na la kutoa lilikuwa safi. Walakini tangi lilipopimwa kwa kijiti, mafuta hayakutosha. Miezi miwili baadaye ndipo mtu mmoja alipokumbuka ya kuwa jenereta ya ofisi ilikuwa na bomba lake la pembeni, lililovuta katika tangi lile lile, na fundi wake alikuwa na kitabu chake mwenyewe ambacho hakuna aliyekiomba. Vitabu vyote vilipowekwa pamoja juu ya meza moja, hesabu ilifunga. Nusu mshahara ilirudishwa. Barua ya kujieleza, kwa kadiri tujuavyo, ingali katika faili lake.

Tumeleta kisa hiki kwa sababu Mto Ruaha Mkuu nao ulipatwa na jambo la namna hii, ila waliodaiwa hawakuwa karani mmoja, bali watu wengi na ng'ombe wao.

Mto huu wazaliwa katika milima ya Poroto na Kipengere, ukashuka katika bonde tambarare la Usangu, penye mashamba ya mpunga ya Mbarali na malisho mapana. Maji yake hukusanyika katika ardhi ya majimaji iitwayo Ihefu, yenye manyasi na ndege wengi, kisha hutokea penye mwamba wa Ng'iriama, hupita katika Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, hata kufika Mtera. Hapo Mtera huingia pia Ruaha Mdogo utokao Iringa, na Kisigo utokao upande wa magharibi. Katika maji yote yafikayo Mtera, yale yatokayo Usangu ni kidogo kuzidi nusu. Neno hili mlishike, maana watu wengi husema kana kwamba Usangu ndio mama na baba wa Mtera. Kutoka Mtera mto hushuka kati ya milima, ukipokea Lukosi na Yovi, hata Kidatu. Kisha hupita penye mashamba ya miwa, huingia Rufiji, na mwisho wake ni bahari, mkabala wa kisiwa cha Mafia.

Bwawa la Kidatu lilianza kutoa umeme mwaka 1975, na mitambo yake ilipokamilika ilikuwa minne, yenye nguvu ya megawati 204. Lakini Kidatu ni bwawa dogo. Kiasi cha maji yake yatumikayo ni kama milioni 125 za mita za ujazo. Kwa hiyo likajengwa bwawa la pili huko juu, Mtera, likamalizika mwaka 1980, liwe kama ghala la kuiwekea Kidatu akiba. Mtera lachukua kama milioni 3,200. Ili tuone tofauti yake, na tufanye hesabu: mto ukileta mita 100 za ujazo kwa kila sekunde, usiku na mchana, bwawa la Kidatu lililo tupu lajaa katika siku 14 na nusu, la Mtera litachukua siku 370, yaani mwaka na siku tano. Moja ni mfuko wa shati, la pili ni akiba ya benki. Kisha mwaka 1988 Mtera nayo ikatiwa mitambo yake, ya megawati 80, na hapo ndipo shauri lilipoanza kuwa gumu, kama tutakavyoona.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 maji ya Mtera yalipungua sana. Bwawa lile likijaa, uso wake husimama mita 698.5 juu ya usawa wa bahari, na likifika mita 690 mitambo haina ruhusa ya kuvuta tena. Katika miaka ile umeme mwingi wa gridi ya Tanzania ulitoka katika maji, na sehemu kubwa yake katika mto huu mmoja. Basi bwawa liliposhuka, umeme ulikatwa kwa zamu mjini, viwanda vikasimama, na watu wakaanza kuuliza ni nani aliyeyanywa maji. Jibu lilipatikana upesi. Wakulima wa mpunga wa Usangu walikuwa wameongeza mashamba, na wafugaji walikuwa wameingia na makundi makubwa ya ng'ombe. Tena tangu mwaka 1993 mto ulianza kukauka katika miezi ya kiangazi ndani ya Hifadhi ya Ruaha, viboko wakabaki katika madimbwi ya matope. Kila aliyeona mambo hayo mawili, mto uliokauka na bwawa lililopungua, aliyafunga pamoja kwa kamba moja: maji hayafiki Mtera kwa kuwa yameishia Usangu.

Hoja hii ina sura ya kweli, na wengi waliyoisema walikuwa watu wenye nia njema. Lakini ni hoja ya mtu aliyesoma daftari la kupokea peke yake.

Sasa, mfano wa hesabu, ambao wataalamu huuita modeli, ni nini? Ni daftari la mto lililoandikwa katika kompyuta. Mvua iliyopimwa huingizwa upande mmoja. Hesabu hukadiria ni kiasi gani kilichonywewa na ardhi, kilichopaa kwa jua, kilichoshuka vijito. Na upande wa pili hutoka mtiririko wa mto, siku kwa siku, ili ulinganishwe na ule uliopimwa kwa macho ya mtu kwenye ubao wa kipimo. Zikipatana, twaweza kuutumia mfano huo kuuliza maswali ambayo mto wenyewe hauwezi kuyajibu: je, mashamba yangalikuwa nusu ya haya, ingalikuwaje? Je, mvua ikipungua?

Na bwawa katika mfano huo ni ukurasa mmoja wa leja. Tuchukue siku moja, kwa mfano tu. Salio la asubuhi, milioni 1,000 za mita za ujazo. Mto waleta mita 50 kwa sekunde. Siku moja ina sekunde 86,400, basi mapokezi ni milioni 4.32. Mitambo yapitisha mita 90 kwa sekunde. Malipo ni milioni 7.776. Uso wa ziwa ni kilomita za mraba 400, na jua lala milimita 6 kwa siku. Malipo mengine ni milioni 2.4. Salio la jioni: milioni 994.144. Kesho waanzia hapo. Karani yeyote aliyepata kushika kitabu cha fedha ndogo ndogo ataielewa hesabu hii bila kufundishwa.

Angalieni lile neno la jua. Mtera iko katika nchi kavu na ya joto, na katika mwaka mzima jua hunyanyua maji yenye kimo kinachokaribia mita 2 kutoka usoni pake. Mpokeaji huyu hana hati, hatii sahihi, na hakuna ajuaye kumkatalia. Asiyemwandika ataona upungufu mkubwa na atatafuta mwizi.

Angalieni na jambo la pili, ambalo lawahusu hasa wale ndugu zetu wenye kazi ya kusoma vipimo. Mtera ikijaa, uso wake wazidi kilomita za mraba 600. Msoma kipimo akikosea sentimita moja tu, kwa kuwa mawimbi yalikuwa yakipiga ubao au kwa kuwa alisoma akiwa ndani ya shuka lake na kuandika kwa kukisia, amekosea maji milioni 6 za mita za ujazo. Na kosa hilo likigawanywa katika siku moja ni kama mto wa mita 69 kwa sekunde, uliozuka au kupotea kwa ncha ya kalamu. Ndipo tunaposema kwamba kazi ile ya alfajiri, ambayo watu huidharau kwa kuwa mshahara wake ni mdogo, ni msingi wa nyumba yote. (Katibu atutazame kwa wema, tumeligusa neno mshahara bila kukusudia.)

Haya, watu waliofanya mifano ya mito walizoea zamani kuliacha bwawa nje. Sababu yake yaeleweka. Mvua na udongo vina kanuni za maumbile. Bwawa lina mlango, na mlango una mtu. Mtu huyo asubuhi hupigiwa simu kwamba mji wataka umeme zaidi, naye hufungua. Usiku huambiwa afunge. Hayo utayawekaje katika hesabu? Basi waliuacha mlango, wakapima mto chini ya bwawa kana kwamba hakuna kitu kilichouzuia.

Na hapa huja udanganyifu ambao wengi hawauoni. Chini ya bwawa, mafuriko ya masika hupungua, kwa kuwa maji yamewekwa akiba, na mtiririko wa kiangazi huongezeka, kwa kuwa akiba hutolewa. Mfano usio na bwawa, ukilazimishwa upatane na vipimo hivyo, utatafuta njia ya kupatana. Utaupa udongo wa milimani sifa usiyo nayo, ya kunyonya mvua yote kama sifongo na kuiachilia polepole miezi sita. Karatasi itaonekana nzuri. Jawabu litakaribia kweli. Lakini sababu ni uwongo, na siku ya kuuliza juu ya msitu au mashamba, mfano huo utajibu kwa kinywa cha udongo usiokuwapo. Twafananisha na karani aliyefanya mizania ikae sawa kwa kuandika tarakimu ya kuziba pengo. Mkaguzi asipokuwa hodari hupita, lakini daftari limekwisha kuharibika.

Namna za kuliingiza bwawa zi nyingi, nasi hatutazichosha nyoyo zenu kwa zote. Iliyo rahisi ni kulihesabu kama ziwa la asili, lenye kutoa kwa kadiri ya kimo chake. Iliyo bora ni kuandika kanuni ya mlango: mwezi huu kimo kisishuke chini ya hapa, kikizidi pale, mwaga, kikiwa kati, toa kadiri mitambo itakavyo. Kwa mabwawa ambayo kanuni zake hazijulikani, wataalamu watatu wa Japani, Hanasaki, Kanae na Oki, walitoa mwaka 2006 njia ya kukisia, ambayo imetumika katika mifano ya mito ya dunia nzima. Walitazama kwanza bwawa lachukua kiasi gani likilinganishwa na maji ya mto ya mwaka mzima. Bwawa lililo dogo kwa mto wake, kama Kidatu, haliwezi kushika neno lake. Liwe limeamriwa nini, masika yakija humwaga. Bwawa kubwa laweza kutoa kwa mpango, kwa kuwa lina akiba. Tena walitenganisha mabwawa ya kunyweshea mashamba, ambayo hutoa kwa majira ya mazao, na yale ya kazi nyingine. Njia yao ni ya kukisia, nao hawakuficha. Lakini kukisia kulikoandikwa ni bora kuliko kusahau.

Turudi Mtera. Kumbukeni kwamba kati ya Mtera na Kidatu huingia Lukosi na Yovi. Wakati wa masika mito hiyo huijaza Kidatu yenyewe, kwa kuwa Kidatu ni mfuko wa shati. Siku hizo ghala la Mtera lingepaswa kufungwa, liweke akiba ya kiangazi. Lakini tangu mwaka 1988 Mtera ina mitambo yake, nayo mitambo hailipi kitu ikisimama. Ukiizungusha, maji yashuka. Na maji yakifika Kidatu wakati Kidatu imejaa, hayana pa kukaa, yamwagwa kando ya mitambo na kwenda zake Rufiji bila kufanya kazi ya pili. Na Kidatu ndiko maji huanguka kutoka juu zaidi, hata mita moja ya ujazo hutoa umeme mwingi kuliko pale Mtera. Basi mtu apataye senti leo Mtera aweza kuwa ametupa shilingi ya kesho Kidatu. Hatusemi kwamba mshika mlango alikuwa mtu mbaya. Aliyeomba umeme usiku ule alitaka umeme usiku ule.

Uchunguzi wa bonde la Usangu, uliofanywa na mradi ulioitwa SMUWC kati ya mwaka 1998 na 2001, ulitilia shaka ile kamba moja iliyofunga mambo mawili. Mwaka 2003 ikachapishwa taarifa ya kikundi cha wataalamu, miongoni mwao wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, waliofanya mfano wa mabwawa haya mawili kwa pamoja. Walitaka kujua kama upungufu wa mwanzo wa miaka ya 1990 ulitokana na matumizi ya maji huko juu, kama ilivyodhaniwa. Waliweka mapokezi ya mto, jua, mvua, mahitaji ya mitambo na kanuni za milango. Hesabu ikaonyesha ya kuwa maji mengi yalikuwa yamemwagwa pasipo kuandikwa vema, na yamkini pasipo lazima. Na kwamba kama mabwawa mawili yangaliendeshwa kama kitu kimoja, ghala lisingaliishiwa namna ile. Kitabu cha fundi wa jenereta kilikuwa kimepatikana.

Hapa twawasihi msituelewe vibaya. Hatusemi kwamba Usangu haikufanya neno. Mto uliokauka ndani ya Hifadhi ulikauka kweli, na mifereji ya Usangu, iliyoendelea kuchukua maji hata katika kiangazi, ina sehemu yake kubwa katika jambo hilo. Mnyama wa Ruaha hali kwa wastani wa mwaka, ataka maji ya Oktoba mwezi wa Oktoba. Lakini maji ya kiangazi ni sehemu ndogo sana ya yale yaijazayo Mtera, ambayo huja na masika. Waweza kumfungia mkulima mfereji wake mwezi wa Septemba, na viboko wakakushukuru, lakini bwawa lisijue kwamba umefanya lolote. Kuna upungufu mbili, na kila mmoja una kurasa zake. Walipoziandika katika ukurasa mmoja, deni la mlango liliandikwa kwa jina la mfereji.

Na deni likiandikwa kwa jina la mtu, hudaiwa. Mwaka 2001 Waziri Mkuu wa wakati ule, Bwana Frederick Sumaye, alitoa ahadi huko London kwamba mto huu utarudishwa kutiririka mwaka mzima ifikapo 2010; ahadi njema kwa mto. Kisha mwaka 2006 na 2007 wafugaji waliondolewa Usangu pamoja na mifugo yao, wakaenda mikoa mingine, na miongoni mwa sababu zilizotajwa ilikuwa maji ya mabwawa ya umeme. Mwaka 2008 Usangu, pamoja na Ihefu, ikaunganishwa na Hifadhi ya Ruaha. Kwa ajili ya Ihefu yenyewe huenda palikuwa na sababu za kutosha. Hilo ni shauri jingine, nasi hatulikati hapa. Tunalouliza ni dogo: siku ile ilipotajwa sababu ya umeme, taarifa ya mwaka 2003 ilikuwa na miaka mitatu tangu ichapishwe. Je, ilikuwa imelala katika faili gani?

Kuna ndugu mmoja aliyesoma hotuba hii kabla ya leo akatuambia, ninyi mwaiamini kompyuta mno. Hasha. Mfano wa hesabu hausemi kweli kwa kuwa una tarakimu nyingi. Tangu mwaka 1970 wataalamu hutumia kipimo cha Nash na Sutcliffe: mfano ukipatana na mto kabisa hupata 1, ukipata sifuri, basi hauzidi mtu avivuye kufikiri ambaye kila siku hutaja wastani wa miaka yote. Yaweza hata kushuka chini ya sifuri. Tena mfano waweza kupata alama nzuri kwa ajili ya masika makubwa, ambayo ni rahisi kuyaona, huku ukikosea kiangazi chote, ambacho ndicho watu na wanyama wafacho. Kwa hiyo ulizeni alama, kisha ulizeni ni alama ya majira gani. Na ulizeni kama kanuni ya mlango iliyoandikwa katika mfano ndiyo iliyofuatwa mlangoni, maana kanuni ya karatasi na desturi ya zamu ni vitu viwili, kama tujuavyo sote katika ofisi zetu.

Jambo hili halikuishia Kidatu. Maji ya Ruaha Mkuu huingia Rufiji, na chini kidogo ya maingilio hayo, katika lile korongo lililoitwa Stiegler's Gorge, limejengwa bwawa la Julius Nyerere, la megawati 2,115. Lilianza kujazwa tarehe 22 Desemba 2022, na lachukua zaidi ya bilioni 30 za mita za ujazo, yaani kama Mtera tisa hivi. Kwa mto wa namna hii, kuacha bwawa nje ya hesabu ni kuacha mto wenyewe nje. Mwezi wa Aprili 2024 mvua zilikuwa kubwa, na mafuriko yakaingia Rufiji na Kibiti, yakachukua nyumba na mashamba. Wanavijiji walisema mlango umefunguliwa juu yao. Wenye bwawa walisema bila bwawa maji yangekuwa makubwa zaidi. Mmoja hawezi kumshinda mwenziwe kwa kupaza sauti, kwa kuwa mafuriko yasiyokuwa na bwawa hakuna aliyeyaona. Hayo yapo katika hesabu tu. Njia ni moja: masika yale yahesabiwe mara mbili, mara moja mto ukiwa huru, mara ya pili kwa milango kama ilivyofunguliwa saa kwa saa, kisha tarakimu zibandikwe mahali ambapo mtu wa Utete aweza kuzisoma. Na si mafuriko mabaya peke yake. Wakulima wa Rufiji tangu zamani hulima mlau, wakipanda katika udongo ulioachwa na maji yaliyorudi nyuma. Maji yasipotoka kabisa ni hasara kwao; yakitoka mwezi usio wake ni hasara pia. Mlango waweza kuwapa mafuriko madogo ya wakati wake, kama aushikaye akijua siku.

Mtu atasema, vitabu vya mlango ni siri. Siri yake yapungua mwaka kwa mwaka. Desemba ile ile ya 2022 Marekani na Ufaransa walirusha setilaiti iitwayo SWOT, ipimayo kimo cha maziwa na mabwawa kutoka juu. Na mtu aliye mbali aweza kukisia kilichotoka kwa kutazama jinsi uso wa maji ulivyopungua. Lakini setilaiti haipiti kila siku, wala haiambii ni maji gani yaliyopita katika mitambo na yapi yaliyomwagwa bure. Hayo yamo katika kitabu cha zamu, yaliyoandikwa kwa mkono wa mtu wa cheo kama chetu.

Basi, ndugu wanachama, miongoni mwenu wamo waliowekwa katika ofisi za mabonde ya maji, wamo wa kilimo, wamo wa hali ya hewa. Tuna maombi machache kwenu. Usomapo kipimo ukakosa, acha nafasi wazi na andika kwamba hukusoma. Usijaze kwa tarakimu ya jana. Mlango ukifunguliwa, andika saa, kiasi, na ni kwa amri ya nani. Na kitabu kikijaa, kisitupwe katika stoo ya mchwa. Mwaka 2003 wale wataalamu waliweza kuhesabu miaka ya 1990 kwa sababu mtu fulani, ambaye jina lake halimo katika taarifa yoyote tuliyoiona, alivitunza vitabu.

Bwana Mwenyekiti, muda tuliopewa umekwisha. Ile hesabu ya siku moja tumeichapa katika karatasi moja, pamoja na nafasi tupu za siku thelathini, ili kila atakaye ajaribu mwenyewe kwa mapokezi na malipo apendayo, aone salio linavyokwenda. Nakala ziko kwa Katibu. Tuliona katika chapa ya kwanza kwamba mstari wa jua ulikuwa umesahauliwa. Tumeuongeza kwa wino mwekundu.